Barua kwa Mjomba: Jani la kijani kwenye chupa nyekundu

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu kuhusu mvinyo mwekundu wa kilimo hai hapa Ugiriki, na sanduku la barua likajaa. Nimechagua barua sita. Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue ninakotokea: nilishuka melini Piraeus mwaka 1994, nikavuna zabibu Nemea kwa misimu 11, kisha nikahamia Naoussa, kaskazini, kwenye ghala la mvinyo. Mwanzoni niliosha mapipa, baadaye nikaaminiwa kuyajaza. Ninayoyaandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, na zabibu za nchi hii nazipenda moja moja kwa majina yake.

Mjomba shikamoo. Ninamtunza bibi mmoja hapa Kypseli, Athens. Wanawe wakija Jumapili hunipa hela nikanunue mvinyo mwekundu. Juzi dukani niliona chupa mbili za Nemea zimekaa bega kwa bega. Moja ina kibandiko cha kijani chenye jani la nyota, bei euro 15. Nyingine haina, bei euro 9. Muuzaji akasema ile ya jani ni "viologiko", yaani ya kilimo hai. Kuna tofauti ya kweli, au nitakuwa nalipia kibandiko?
*Mtunza bibi, Kypseli*

Marahaba mwanangu. Tofauti ipo, na iko shambani.

Jani hilo lililochorwa kwa nyota 12 ni nembo ya Umoja wa Ulaya. Chini yake pana maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyaruka. Wewe yasome kabla ya kitu kingine chochote: utaona GR-BIO ikifuatwa na namba. Namba hiyo ni ya taasisi iliyomkagua mkulima. Karibu nayo pameandikwa zabibu zimelimwa nchi gani. Chupa ikiwa na jani halafu ikakosa namba, irudishe kwenye rafu.

Ili afikie namba hiyo, mwenye mizabibu hulima kwa taratibu za kilimo hai miaka 3 mizima kabla ya kuvuna zabibu ya kwanza inayoruhusiwa kuitwa hivyo. Katika miaka hiyo anabeba gharama zote mpya huku akiuza kwa bei ya zamani. Hapigi dawa ya kuua magugu, haweki mbolea ya kiwandani, hapulizi viuatilifu vya kiwandani. Magugu yanalimwa au kufyekwa safu kwa safu, na penye mteremko mkali trekta haipiti, hivyo watu hushika jembe. Nimelilima shamba la namna hiyo mwezi Mei, jua la saa nane, shina baada ya shina, na jembe haliruhusiwi kugusa gome la mzabibu. Sehemu kubwa ya zile euro 6 za ziada ni migongo ya watu.

Ghalani nako kuna sheria. Zamani taratibu za Ulaya ziliishia kwenye zabibu, kwa hiyo chupa iliandikwa "mvinyo uliotokana na zabibu za kilimo hai". Kuanzia mavuno ya 2012 sheria iliingia mpaka ndani ya pipa, na ndipo wazalishaji wakaruhusiwa kuandika "mvinyo wa kilimo hai". Jambo kubwa humo ni salfaiti, zile chumvi za salfa zinazozuia mvinyo usiharibike. Mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida unaruhusiwa miligramu 150 kwa lita. Wa kilimo hai mwisho wake 100. Bado zipo, ndiyo maana karibu kila chupa imeandikwa kwamba ina salfaiti, maana sheria inadai hivyo zikizidi miligramu 10 kwa lita.

Jani halikuahidi utamu. Nimewahi kufungua chupa yenye jani na namba, yote halali, ikanuka siki kwa sababu mtu hakuosha mapipa vizuri. Pia nawajua wakulima wawili wanaolima kwa usafi kabisa na hawana jani, kwa kuwa ukaguzi una ada na makaratasi, na wao ni wazee wenye ekari chache. Lakini mtu aliyesimama dukani hamjui mkulima, hajaliona shamba. Kwake namba ile ni shahidi anayeaminika.

Nikuonye kuhusu kitu kimoja. Kiangazi fulani, kwenye barabara ya kuelekea Korinthos, nilisimama penye meza ya mtu anayeuza chima, yaani mvinyo usio na chupa wala lebo, unaopimwa kwa kilo. Aliniapia kwamba ni viologiko. Nikamwuliza karatasi, akanionyesha mizabibu yake nyuma ya nyumba. Chini ya mizabibu hiyo nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya chungwa kwa mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Jua halikaushi nyasi kwa mstari. Ile ni dawa ya magugu. Chima nzuri ipo nchi hii, na nusu kilo ya chima kwenye taverna imenifurahisha jioni nyingi. Ila neno "viologiko" likitamkwa mdomoni tu, bila karatasi, halina uzito wowote.

Kwa Jumapili ya bibi, ikiwa wanawe ndio wanaolipa, chukua ile ya euro 15 baada ya kusoma namba. Ikiwa ni hela yako, ile ya euro 9 haina aibu. Zote mbili ni Agiorgitiko, zabibu ya Mtakatifu George (tamka *ayoryítiko*), na mvinyo mwekundu wenye jina la Nemea na herufi za ΠΟΠ kwenye lebo, alama ya jina la asili linalolindwa, kisheria hautoki kwenye zabibu nyingine. Rangi yake ni nzito, ladha ya cheri iliyoiva, na ukakasi wake ni laini. Bibi ataupenda na pastitsio, yale makaroni ya kuokwa na nyama.

Mjomba, mimi ni kibarua Nemea, msimu wangu wa pili. Bosi anasema shamba lake ni viologiko, lakini mwezi Juni tunapita kwenye safu majani yakiwa na madoa ya buluu, na nguo zetu zinatoka na unga wa njano. Kama si dawa, ni nini? Wenzangu wanasema tunadanganywa.
*Kibarua, Koutsi*

Hamdanganywi, na ile ni dawa. Kosa liko kwa wanaowaambia watu kwamba kilimo hai maana yake hakuna dawa.

Buluu ni mrututu. Wagiriki wa mashambani wanauita *galazópetra*, jiwe la buluu. Njano ni salfa, *theiáfi*. Mrututu unazuia ubwiri vinyoya, ugonjwa ambao bosi wako akiutaja, *peronósporos*, sauti yake inashuka. Salfa inazuia ubwiri unga. Vyote viwili vinaruhusiwa kwenye kilimo hai kwa sababu ni madini. Tabia yao ni kukaa juu ya jani bila kuingia ndani ya mmea, mfano wa mlinzi aliyesimama mlangoni. Mvua ikinyesha inawaosha, na mlinzi mwingine lazima aletwe. Ndiyo sababu mwaka wa mvua unaona mnapuliza tena na tena, na jirani mwenye dawa za kiwandani zinazoingia ndani ya jani amelala kwake.

Mrututu una shaba, nayo shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo mwaka hadi mwaka na kuwadhuru nyungunyungu. Kwa hiyo Ulaya imeweka mpaka: kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mkulima mwenye akili huihesabu shaba yake kama mtu anayehesabu akiba ya maji jangwani. Huondoa majani yanayoziba vishada ili upepo upite, hupogoa kwa nafasi, na huwahi.

Kuwahi ndiyo kila kitu. Mwaka mmoja, kwenye shamba ambalo sitalitaja, mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo mwezi Mei. Trekta haikuweza kuingia kwenye tope. Nilimwomba mwenye shamba atupe mabomba ya mgongoni tupulize kwa miguu. Akasema tusubiri udongo ukauke. Tulisubiri siku mbili. Wiki iliyofuata majani yalikuwa na madoa yanayong'aa kama mafuta, na ukiligeuza jani unakuta vinyoya vyeupe upande wa chini. Ilipofika Julai vishada vya kipande cha bondeni vilikuwa vya kahawia, vigumu kama ngozi. Tuliviangusha chini kimoja kimoja. Kipande cha juu, penye upepo, kilipona, na mvinyo wa mwaka ule ulitoka huko peke yake. Mpaka leo nikiona mawingu ya Mei naangalia kwanza udongo.

Utaona pia vijiti vya plastiki vimefungwa kwenye nyaya. Hivyo vinatoa harufu ya nondo jike. Kuna nondo mdogo, Wagiriki wanamwita *evdemída*, ambaye viwavi wake hutoboa zabibu na kuacha uozo uingie. Harufu ikitapakaa shamba zima, madume hawajui jike halisi yuko wapi, na mayai hayapatikani. Hapo hakuna hata tone la sumu. Kazi hii mimi naiona nzuri kuliko zote za shambani.

Sasa kuhusu wewe na wenzako. "Inaruhusiwa" haimaanishi haikudhuru. Salfa inachoma macho na kifua, hasa siku za joto, na mrututu ni sumu ukiula. Dai glavu na miwani, usile kabla ya kunawa, na usiingie kwenye safu zilizopulizwa punde. Mwenye shamba lazima aandike kila upulizaji kwenye daftari: tarehe, dawa, kiasi. Una haki ya kuuliza jana ilipulizwa nini.

Kaka yangu, salamu nyingi kutoka Thessaloniki. Binti yangu ameposwa na kijana wa Naoussa, na Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakwenda kwa wakwe. Baba wa kijana ana mizabibu yake. Nataka kwenda na chupa nzuri ya kilimo hai, lakini nilipoonja mvinyo wa huko ulinikausha mdomo kama ndizi mbichi. Nichukue upi, na nifanyeje wasione kwamba wa kwao sikuupenda?
*Mama wa binti, Thessaloniki*

Hongera dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana Naoussa ni nyumbani kwangu pa pili.

Kilichokukausha mdomo ni ukakasi, nao ndio uti wa mgongo wa zabibu ile. Jina lake Xinomavro (tamka *ksinómavro*) limeunganisha maneno mawili: *xinó*, chachu, na *mávro*, nyeusi. Chachu na nyeusi. Waliompa jina walisema ukweli mtupu juu ya uchachu, ila juu ya rangi watakushangaza: mimina kwenye glasi, utaona mvinyo mwepesi wa rangi, na ukikaa miaka unaelekea rangi ya tofali. Macho yanategemea upole, ulimi unakutana na nguvu. Wengi huishia hapo, kama ulivyoishia wewe, na wanapoteza mengi.

Bila shaka uliuonja mtupu, kabla ya chakula. Xinomavro hauonjwi hivyo. Subiri mwanakondoo aje mezani, kula tonge mbili zenye mafuta, ndipo unywe. Mafuta na protini za nyama zinaushika ule ukakasi, na nyuma yake inajitokeza nyanya iliyokaushwa juani, zeituni nyeusi, stroberi, na kitu kama majani makavu baada ya mvua. Mvinyo wa miaka 2 ni mgomvi. Wa miaka 8 au 10, uliotunzwa, nimeuona ukiwanyamazisha watu mezani. Mwenye ghala niliyefanya naye kazi alikuwa akifungua chupa asubuhi kwa ajili ya chakula cha jioni, na alinifundisha nisiiguse mpaka saa hiyo.

Mizabibu ya Naoussa iko kwenye miteremko ya mashariki ya mlima Vermio. Mwanzoni mwa karne iliyopita filoksera, mdudu anayekula mizizi ya mzabibu, iliyaangamiza mashamba yale, na watu wengi wakageukia miti ya matunda. Hata leo ukienda mwezi wa tatu utakuta bonde lote limechanua maua ya pichi. Kurudi kwa mizabibu kulihitaji watu wabishi. Mmoja alikuwa Yiannis Boutaris, wa familia iliyoanza biashara ya mvinyo Naoussa mwaka 1879. Baadaye alianzisha kiwanda chake mwenyewe, Kir-Yianni, na nyinyi wa Thessaloniki mnamkumbuka kama meya wenu. Jina la Naoussa lilipata ulinzi wa sheria mwaka 1971, na sharti lake ni Xinomavro tupu, bila kuchanganywa. Upande wa kilimo hai, nawaheshimu sana familia ya Dalamara, na pia Apostolos Thymiopoulos wa kijiji cha Trilofos, aliyeonyesha kwamba Xinomavro unaweza kunywewa ukiwa mchanga bila kupoteza tabia yake.

Lakini usipeleke Naoussa kwa watu wa Naoussa. Mzee atakuwa na wake mezani, na chupa yako itaonekana kama imekuja kushindana naye. Peleka cha mbali. Kuna zabibu inaitwa Mavro Kalavrytino, nyeusi ya Kalavryta, kutoka milima ya Achaia juu ya Ghuba ya Korinthos. Ilikaribia kusahaulika. Kiwanda cha Tetramythos, ambao hulima kwa kilimo hai, wanautengeneza, mwepesi na wenye harufu nzuri, na Mgiriki wa kaskazini huenda hajawahi kuuonja. Mpe mzee mkononi, mwambie, "Huu nimeambiwa ni wa milima ya kusini, nataka unifundishe wewe." Mtu mwenye mizabibu hawezi kukaa kimya akiambiwa hivyo.

Naye akikumiminia wake, usiuchezee mdomoni ukikunja uso. Gonga glasi, mwangalie machoni, sema *stin iyiá mas*, kwa afya yetu. Kunywa kidogo baada ya nyama. Kisha mwulize swali moja: mizabibu yako iko upande gani wa kijiji? Omba akupeleke uione. Utakuwa umeuheshimu mvinyo wake kuliko mtu aliyemaliza chupa nzima.

Siku nyingine ukitaka Xinomavro mpole zaidi, tafuta Goumenissa, ambako sheria inadai ichanganywe na Negoska, zabibu inayoulainisha. Au Amyndeon, upande wa pili wa Vermio, juu kwenye baridi na mchanga karibu na maziwa, ambako mvinyo huwa na harufu nyingi kuliko misuli. Chini ya mlima Olympus kuna Rapsani, Xinomavro ikiwa pamoja na Krassato na Stavroto.

Mjomba, nikinywa mvinyo mwekundu kichwa kinaniuma. Baharia mwenzangu ananiambia wa kilimo hai hauumizi kwa sababu hauna salfaiti. Ni kweli?
*Baharia, Piraeus*

Si kweli, ndugu yangu. Salfaiti zimo, nimeshaeleza hapo juu. Zaidi ya hayo, mvinyo mwekundu kwa kawaida huwa na salfaiti chache kuliko mweupe, na aprikoti zilizokaushwa, yale matunda madogo ya rangi ya chungwa sokoni, zina nyingi kupita chupa yoyote. Kama hizo hazikuumizi kichwa, usizishitaki salfaiti. Wapo wenye pumu ambao kweli kifua kinabana. Hao wamwone daktari.

Pombe ya mvinyo wa kilimo hai ni ile ile, asilimia 13 au 14, na jani halipunguzi hata moja. Kunywa glasi ya maji kwa kila glasi ya mvinyo, usinywe na njaa. Ukiona hata nusu glasi inakuuma, mwili wako umeshasema. Achana nao.

Shikamoo Mjomba. Mimi niko Patra, na kila mara nimejua Mavrodaphne ni mvinyo mtamu, ule wa kanisani. Mwajiri wangu ameniletea Mavrodaphne ya kilimo hai kutoka kisiwa cha Kefalonia, nikaonja, haina sukari kabisa! Imeharibika?
*Msomaji wa kike, Patra*

Marahaba. Haijaharibika, na umepewa zawadi nzuri.

Mavrodaphne ni jina la zabibu, maana yake mlaureli mweusi, mti ambao majani yake yenye harufu hutiwa mchuzini. Mjini kwenu aliipa umaarufu Gustav Clauss, Mjerumani aliyeanzisha kiwanda cha mvinyo cha Achaia Clauss mwaka 1861. Wanaufanya mtamu kwa kuongeza pombe kali kabla sukari yote haijachachuka, hivyo utamu unabaki, kisha unakaa kwenye mapipa miaka mingi. Ule wa komunyo mara nyingi ni huo. Kwa miaka mingi watu waliamini zabibu hiyo haifai kitu kingine.

Wazalishaji wa kizazi hiki wakaiacha ichachuke mpaka mwisho. Wa Kefalonia, hasa wa kiwanda cha Sclavos, unanuka majani ya laureli na plamu nyeusi, na una uchachu unaoamsha hamu ya kula. Uunywe na chakula gani? Sungura wa stifado, mchuzi wa vitunguu vingi vidogo. Usiuweke jikoni karibu na jiko; Agosti ya Patra ikiupata kwenye nyuzijoto 35 utaiva kama jamu. Kama huna mahali pa baridi, weka ndani ya friji, rafu ya chini, utoe nusu saa kabla ya kunywa. Mvinyo mwekundu unanyweka vizuri kwenye nyuzijoto 16 hadi 18, na sebule zenu za kiangazi hazifiki huko chini.

Shikamoo Mjomba. Ninajifunza uhudumu kwenye mkahawa mmoja Heraklion, Krete. Wageni wananiuliza kwa nini wanywe zabibu wasizoweza kutamka wakati Cabernet na Merlot zimepandwa Ugiriki hii hii. Meneja anataka niwajibu kwamba za kienyeji ndizo zinazofaa kilimo hai kwa sababu haziugui. Nijibu hivyo?
*Mhudumu, Heraklion*

Marahaba kijana wangu. Usijibu hivyo. Agiorgitiko inaugua ubwiri kama nilivyosimulia, na ina tatizo la virusi vinavyozuia isiive sawasawa. Xinomavro ikikutwa na mvua ya Oktoba ikiwa bado mtini, inaoza. Atakuja mgeni mwenye shamba, atakuaibisha.

Kuna jibu bora, tena la kweli. Zabibu hizi zilichaguliwa na wakulima kwa vizazi vingi, kila moja kwa udongo na upepo wake, kabla dawa za kiwandani hazijavumbuliwa. Mkulima wa kilimo hai ana silaha chache, kwa hiyo anahitaji mzabibu unaoijua saa ya mahali pake. Tazama Liatiko, ya kisiwa chenu. Jina lake linatokana na Julai, kwa sababu huiva mapema, na inayoiva mapema haikutwi na mvua za vuli. Rangi yake ni hafifu, usimwache mgeni aidharau. Harufu yake ni ya matunda makavu na viungo, na Dafnes na Sitia zimejengewa jina juu yake. Halafu Mandilaria: ganda nene, rangi ya wino, ukakasi mkali, pombe kidogo. Kotsifali ni kinyume chake, rangi haba, pombe nyingi, laini. Watu wa Peza na Archanes, huko huko Krete, walizifungisha ndoa hizi mbili, na kila moja inaleta kilichokosekana kwa mwenzake. Ukiijua ndoa hiyo, una hadithi ya kusimulia kwenye kila meza.

Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Filoksera ilichelewa kufika Krete, ikaja miaka ya 1970, na baada yake mashamba mengi ya zamani yaling'olewa. Cabernet ipo dunia nzima. Likipotea shamba moja hakuna hasara. Mavrotragano ya Santorini ilikuwa imebaki mizabibu michache iliyotawanyika kati ya ile ya mvinyo mweupe, mpaka watengeneza mvinyo Haridimos Hatzidakis na Paris Sigalas walipoamua kuutengeneza peke yake. Hatzidakis alilima kwa kilimo hai kwenye kisiwa kile cha majivu ya volkeno, alifariki mwaka 2017, na ule mvinyo bado upo. Limniona ya Thessaly ilikuwa karibu kufa pia. Christos Zafeirakis wa Tyrnavos akaipanda upya. Chupa inayonunuliwa mezani kwako ndiyo inayomfanya mkulima asing'oe safu.

Kuhusu matamshi, usimsahihishe mgeni mbele ya wenzake. Weka chupa, litamke jina mwenyewe polepole mara moja, *liátiko*, kisha mimina kidogo, sentimita mbili tu, bila kumtoza. Kama mkahawa haukuruhusu kuonjesha bure, mwombe meneja chupa moja kwa wiki kwa kazi hiyo, na umwambie Mjomba ndiye aliyesema. Leta na kipande cha jibini la graviera. Usitangulie kumwambia anatakiwa kusikia ladha gani. Mwache aonje, naye ndiye atakayekuuliza.